Tafuta Maji Kabla ya Kuziba Tundu

Watu wengi wa Nairobi huamini kuwa kutu ni shida ya Mombasa, ya magari yanayolala kando ya bahari. Anayeamini hivyo apite alfajiri Kiamaiko, mtaa wa machinjio ya mbuzi hapa Nairobi. Malori yaliyosafiri usiku kucha kutoka Marsabit, Isiolo, Moyale na Garissa yanashusha mbuzi na kondoo, machinjio yanaanza kazi, na pembeni pikapu kuukuu zimepangwa zikingoja zamu. Chungulia sakafu ya nyuma ya mojawapo. Si ajabu ukaiona barabara.

Chumvi ya bahari haifiki Kiamaiko, lakini chumvi nyingine ipo tele. Mkojo wa mbuzi una chumvi, damu ina chumvi, na ngozi mbichi hunyunyiziwa chumvi zisioze kabla ya kufika kiwandani. Kisha gari huoshwa kwa maji mengi, kama usafi unavyotaka, na maji hayo huisukuma chumvi hadi kwenye mikunjo ya bati ambako hakuna brashi inayofika. Chuma huhitaji maji na oksijeni tu ili kishike kutu. Chumvi huongeza kasi, maana kutu ni shughuli ya umeme mdogo mdogo: sehemu moja ya bati inapoteza chembe zake huku sehemu ya jirani ikipokea umeme, na maji ya chumvi yanaupitisha umeme huo vizuri kuliko maji matupu. Basi gari la kubeba mbuzi katika jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari laweza kuoza sawasawa na gari la Likoni, Mombasa.

Mwenye gari afanye nini? Kununua jingine si mzaha. Kiwango KS 1515 cha mwaka 2000 hakiruhusu gari la mtumba kuingia Kenya likiwa limezidi miaka minane, na juu ya bei yake kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Kwa mtu anayeishi kwa faida ya mizoga michache kwa siku, mkweche unaowaka kila asubuhi ni mali ya kutunzwa. Injini ya pikapu ya zamani hufunguliwa na kufungwa tena mara ngapi sijui. Kinachochoka kabisa ni bodi. Na hata hilo la mtumba lililoshuka melini juzi laweza kuja na kutu yake mwenyewe, kwa kuwa sehemu za kaskazini mwa Japani, Hokkaido ikiwemo, humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Ukikuta rangi nyeusi mbichi imepulizwa chini ya gari lote, uliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Kwa hiyo watu wanaziba. Wanaziba wenyewe nyuma ya nyumba Jumapili mchana, au wanampa fundi wa mtaani kitu kidogo awazibie. Sina ugomvi na kiraka cha bei rahisi. Ugomvi wangu ni na kiraka kinachowekwa bila mtu kujiuliza maji yaliingilia wapi. Tundu unaloliona leo ni mwisho wa safari ya maji iliyoanza zamani mahali usipopaona, na ukiliziba kwa nje tu, umeyafungia maji ndani.

Chukua madigadi ya nyuma, pale juu ya gurudumu ambapo bati limekunjwa kuelekea ndani. Udongo mweusi wa Nairobi hurushwa na tairi, hunasa kwenye mkunjo, na hubaki na unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka. Kutu huanzia huko ndani. Kwa kuwa kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inasukuma rangi nje, na ndipo wewe unapoona malengelenge madogo unayodhani ni kasoro ya rangi. Lengelenge likifikia upana wa sarafu, upande wa ndani umeshaliwa eneo kubwa zaidi. Ligonge kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza husikika kama kadibodi. Endelea kugonga ukielekea nje mpaka mlio ubadilike, weka alama kwa chaki, na hapo utajua ukubwa halisi wa ugonjwa. Mara nyingi alama hiyo humfanya mwenye gari anyamaze kidogo.

Kiraka kinachopendwa zaidi mjini ni hiki: tundu linapondwa kwa nyundo liingie ndani, linajazwa magazeti ya jana (sisi waandishi tunajua kazi zetu huishia wapi), linapakwa pati, linapigwa msasa, linapulizwa rangi. Gari linang'aa. Lakini pati ya kawaida ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga wa talki, na mchanganyiko huo hunywa maji. Mgongo wake ukiwa wazi, unyevu huingilia ndani, gazeti hulowa na kuukumbatia unyevu huo, na bati lililobaki linaendelea kuliwa mahali pasipoonekana. Mvua za Novemba zikifika, donge zima hudondoka pamoja na rangi yake, na tundu linalobaki ni kubwa kuliko la awali. Wauzaji wengine wa magari wanaijua hesabu hii vizuri. Wanachotaka ni donge lidumu mpaka mnunuzi alipe. Mnunuzi mjanja naye hubeba sumaku ndogo aliyoifunga kwa kitambaa. Kwenye bati inashika, kwenye pati nene inateleza.

Kabla ya kufungua mkebe wowote, jiulize swali moja ambalo halina mjadala: je, tundu liko kwenye bati la kufunika tu, au kwenye sehemu inayobeba uzito? Sehemu ya chini ya mlango, ukingo wa madigadi, kona ya buti na sakafu ya nyuma iliyo mbali na nguzo zake unaweza kuzishughulikia mwenyewe. Chesisi, vizingiti vya milango kwenye gari lisilo na chesisi, mahali panaposhika springi na shoka abzoba, na mahali mkanda wa usalama ulipofungiwa, hapo weka chini mkebe wako. Waingereza, ambao magari yao huozeshwa na chumvi ya barabarani, wana ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, ulioanza mwaka 1960, na ndani yake kuna kanuni inayofaa kuazimwa: kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 za mahali panaposhikilia usukani, breki, saspensheni au mkanda huliangusha gari, na huko pati na faibaglasi hazihesabiwi kuwa matengenezo. Rula ya mtoto wa shule ina urefu huohuo, basi huna kisingizio cha kukosa kipimo.

Huku kwetu, magari ya abiria na ya biashara hupaswa kukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani, NTSA, na wenye pikapu wa Eastlands wanaifahamu vizuri njia ya kwenda kituo cha Likoni Road. Kiraka cha faibaglasi kilichopakwa lami kwenye chesisi huenda kikampita mkaguzi. Hakitapita tuta la Juja Road pikapu ikiwa na mzigo.

Tuseme basi tundu lako liko chini ya mlango. Mlango wa gari hautengenezwi kuzuia maji yasiingie. Maji hupita kwenye kioo, huteremka ndani na kutokea kwenye vitundu vilivyoachwa chini kabisa. Vitundu hivyo vikizibwa na vumbi na majani, mlango unageuka karai. Kazi ya kwanza ni kuvifungua kwa kipande cha waya, na kutazama kama raba ya kioo imepasuka. Kisha osha sehemu yote kwa maji safi, mengi, ndani na nje, hasa kama gari limebeba mifugo au ngozi, kwa sababu msasa hauondoi chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya chuma. Liache likauke kabisa juani. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani kama kazi, na ndiyo inayoamua kama utarudia kazi yote mwakani.

Sasa kwangua. Brashi ya waya, kisha msasa mkali wa namba 80, na usiishie kwenye ukingo wa tundu. Endelea mpaka lizungukwe pande zote na chuma kinachong'aa. Bati lililobaki jembamba kama karatasi likate kwa mkasi wa bati. Inauma kuona tundu la kidole likiwa la kiganja, lakini hakuna gundi inayoshika juu ya kutu inayobanduka. Kwenye vishimo ambavyo msasa haukufika, paka dawa ya kugeuza kutu. Zilizo nyingi zina asidi ya fosforiki, inayofanya kutu iwe fosfati ya chuma isiyoendelea kula. Nyingine zina tanini, ambayo huacha rangi nyeusi ya kibuluu. Tanini ni jamii ya kitu kilekile kilichokamuliwa kwa miaka mingi kutoka magome ya miwati ya Eldoret kwa ajili ya kulainishia ngozi. Ngozi ya mbuzi na mlango wa pikapu vimetibiwa kwa dawa za ukoo mmoja. Soda ya kola, ambayo vijana huapa kuwa hutoa kutu, ina asidi hiyo ya fosforiki kweli, ila kidogo mno, na sukari inayoacha itabidi uioshe tena. Ni afadhali uinywe.

Kuhusu kipande cha kuzibia, usiokote chochote kinachong'aa. Bati la bodi ya gari huwa na unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi, yaani karibu na geji 22 au 20. Mabati ya paa ya geji 30 au 32 ambayo kila boma linayo ni membamba mno, karibu theluthi ya unene huo, na yatapinda ukiyagusa kwa goti. Mkebe wa soda ni mbaya zaidi: ni wa alumini, na alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, inaliwa yenyewe mpaka inakuwa unga mweupe. Kipande bora kimo kwenye boneti au mlango uliotupwa, na mafundi wa Kariobangi Light Industries hawakosi mabaki ya namna hiyo. Kikate kizidi tundu kwa sentimita mbili au tatu kila upande, kizungushe kona zake zisiwe na ncha, paka praima pande zote mbili zitakazokutana, na kama mkono unafika, kiweke kwa ndani. Kibandike kwa epoksi ya chuma, ile ya mirija miwili, na ukishikize kwa riveti chache ili kisiteleze. Epoksi hushika chuma vizuri kuliko poliesta na hairuhusu maji kupita kirahisi. Hapo ndipo pesa zako ziende.

Wengine huziba ukingo kwa silikoni ya dirishani. Inuse kwanza. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaanzisha kutu palepale ulipokuwa unaizuia. Tafuta isiyonuka siki, au ile gundi nyeusi ya kuzibia viungo vya bodi.

Baada ya hapo, pati ina nafasi yake halali: kusawazisha. Safu iwe nyembamba, ya milimita chache tu, juu ya bati imara. Hadina, ile dawa ya kuigandisha, ni asilimia mbili hivi ya uzito wa pati, na kuiongeza hakufanyi kazi iwe imara. Huiharakisha ikaganda kwenye kibao kabla hujaipaka, na ziada yake hutokeza doa kwenye rangi siku za baadaye. Kwenye jua la saa saba mchana una dakika chache tu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo kivulini. Vaa barakoa ukipiga msasa, maana vumbi la pati na la rangi ya zamani si la kuvuta.

Jambo moja hunishangaza kila nikipita barabara za Eastlands: magari yanayozunguka miezi na mabaka ya kijivu ya praima, mwenyewe akingoja pesa za rangi. Praima nyingi za bei rahisi zina vinyweleo na hupitisha unyevu. Gari la namna hiyo likinyeshewa msimu mzima linashika kutu chini ya praima yenyewe. Kama pesa ya kupuliza haijapatikana, paka rangi ya mafuta kwa brashi, hata isiyolingana. Haipendezi, ila inazuia maji, na pikapu ya mbuzi haiendi harusini.

Vifaa vidogo vilivyoshika kutu, kama bawaba, komeo na nati za zamani usizozipata dukani, vina tiba rahisi ambayo Kenya imejaliwa malighafi yake. Chukua magadi, yaleyale yanayolainisha maharagwe na yanayochimbwa Ziwa Magadi, ambako kampuni ya magadi soda ilianzishwa mwaka 1911. Yayeyushe kwenye ndoo ya plastiki, tumbukiza kifaa chako, na kando yake kipande cha chuma chakavu visigusane. Chaja ya betri ya volti 12 iunganishwe hasi kwenye kifaa na chanya kwenye chakavu. Mapovu yatatoka, na baada ya saa kadhaa kutu italegea ikawa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Ukigeuza waya, kitakacholiwa ni kifaa chako. Fanya kazi nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu hayo yana haidrojeni, na usitumie kabisa kijiko wala sinki ya chuma kisichoshika kutu kama chakavu chako, maana hutoa kromiamu yenye sumu.

Panapohitaji moto, nenda kwa fundi. Mafundi wa jua kali wa Nairobi wamejifunza kazi hii kwa vizazi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, kuhusu ajira nchini Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ilikuwa ya kwanza kuilazimisha dunia ya wachumi kuwatazama watu hawa kama wazalishaji. Lakini si kila mwenye mashine ya kuchomelea ni fundi wa bodi. Aliyezoea mageti hutumia fimbo nene na umeme mwingi, na bati la gari linatoboka mbele ya macho yako. Fundi wa bodi huweka doti, huhama upande wa pili, huacha bati lipoe, kisha huweka nyingine, ili joto lisilikunje. Muulize atakavyochomelea kabla ya kuelewana bei. Mwone akiondoa waya wa betri, kwani umeme wa mashine unaweza kuunguza altaneta na kompyuta ya gari. Mabati yenye zinki yakwanguliwe zinki yake kwanza; moshi wake mweupe huleta homa ya usiku mmoja inayofanana na malaria, na maziwa ambayo mafundi hunywa hayaizuii. Tangi la mafuta lisiguswe na moto hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kuliko petroli yenyewe.

Magari yaliyozama kwenye mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Mto Mathare ulipofurika, ni fungu la peke yake. Maji yaliingia ndani ya vizingiti na chini ya zulia, yakaacha tope laini ambalo halikaukii huko. Ukiuziwa gari la bei ya kutupa lililokuwa mtaa wa bondeni, ng'oa zulia kabla ya kuwasha injini.

Kuna suala la mwisho, la oili chafu. Ni desturi ya miaka mingi kupuliza oili iliyotolewa kwenye injini chini ya gari, na kwa kweli chuma chenye mafuta hakishiki kutu upesi. Lakini oili hiyo imebeba asidi na chembe za chuma, hulainisha raba za saspensheni na mabomba ya breki mpaka zinavimba, na ikinyesha inaishia mtoni. Ikimwagikia diski au pedi za breki, utaijua hasara yake kwenye makutano ya Outer Ring. Grisi safi iliyolegezwa kidogo na kuingizwa kwa mrija ndani ya vizingiti na milango hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, alimradi umkumbushe fundi kwamba imo siku atakapoleta moto karibu. Acha vitundu vya maji wazi unapoipaka. Na mvua za masika zikikatika, rudi chini ya gari na bisibisi yako, uanze kugonga upya upande ambao hukuushughulikia mara ya kwanza.